Kihamba Kimoja, Wenyewe Watatu

Sehemu ya Saba

Mliniacha Jumamosi iliyopita nimejibanza nyuma ya mgomba, viatu vyangu vya ofisini vimejaa matope, nikimsikiliza mwanaume nisiyemjua akimshukuru Mungu ndani ya nyumba ya Bibi Dominika.

Kwa wewe uliyelipata gazeti hili leo likiwa limefungia maandazi, nitakusogeza upesi.

Naitwa Magreth. Nina diploma ya maendeleo ya jamii, nimezaliwa Njoro, Moshi mjini, baba yangu alikuwa fundi wa reli, Mungu amrehemu. Mlima nilikuwa nauona kama anavyouona mpita njia: kwa mbali, asubuhi, wingu likikubali. Mambo ya vihamba, yale mashamba ya ukoo ya Wachagga yenye migomba na kahawa, niliyajua kwa kusikia.

Shirika letu linalea watoto walemavu. Kazi yangu ni sadaka ya wasia. Mzee anatoa kihamba chake leo, anaendelea kukaa humo humo mpaka Mungu amwite, shirika linamtunza kwa sukari na dawa, na siku akifumba macho ardhi inakuwa ya watoto. Hakuna anayepoteza. Ndivyo nilivyokuwa nikisema, na ndivyo nilivyoamini.

Mkurugenzi wetu, Bwana Godbless, aliichukulia kazi hii semina Nairobi akarudi nayo kama mtume.

"Mtoaji ni mti wa kahawa," hupenda kutuambia. "Ukimchuma mbichi, unapata uchungu. Mpalilie, mnyweshe, msubiri awe mwekundu."

Bibi Dominika ndiye aliyekuwa mwekundu kuliko wote. Mjane, hana mtoto, kihamba chake kiko juu ya Marangu, mahali ambapo wenye hoteli wamekuwa wakipita wakitazama mandhari na kujilamba midomo. Aliniahidi kihamba chote kwa sharti moja tu: siri.

"Mkono wa kushoto usijue linalofanywa na wa kulia," aliniambia. "Sadaka iliyotangazwa, mwanangu, imeshalipwa."

Nikaiheshimu siri hiyo. Nikamwambia mkurugenzi wangu peke yake.

Kisha mambo yakaanza kunikereketa. Blanketi jipya ambalo sikulileta mimi. Mifereji ya bati kwenye paa. Kuni zilizopasuliwa na kupangwa vizuri, wakati Bibi hawezi kuinua shoka. Na Bwana Godbless, kila nikirudi ofisini, swali lake la kwanza: "Bado anakohoa?"

Halafu mama muuza ndizi wa Marangu Mtoni akaninong'oneza kwamba kuna mtu ameonekana na futi ya kamba akipima kihamba cha Bibi. Ndipo nikapanda mlima siku isiyokuwa yangu. Siku yangu ni Ijumaa. Hii ilikuwa Jumatano.

Nilipita kando ya kaburi la marehemu mumewe, Mzee Kornel. Isale, mmea ule ambao Wachagga huupanda mipakani na makaburini, nililolipanda pale baada ya Pasaka lilikuwa limeshika vizuri, limesimama na majani yake marefu kama mlinzi. Siku ile Bibi alisema mgongo unamuuma. Akanivua viatu, akaniuliza kama baba yangu yupo. Nikamwambia alishafariki. "Basi unaweza," akasema, "chomeka hapa, kwa mkono wa kulia." Majirani wawili wanawake wakapiga vigelegele. Nilidhani wanashangilia kuona mtoto wa mjini anashika udongo.

Sasa turudi nyuma ya mgomba.

"Ee Bwana," ile sauti ya kiume ilisema, "tunakushukuru kwa kiwanja hiki cha chekechea yetu."

Chekechea ya nani?

Mlango ukafunguliwa. Akatoka mwanaume mwembamba, suti ya mtumba, Biblia kwapani. Akaniona kabla sijajificha vizuri. Jani la mgomba halijawahi kumsitiri mtu mwenye sketi nyekundu.

"Bwana Yesu asifiwe," akasema, macho yakinipima.

"Amina. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ni binti wa nani, unayesikiliza sala za watu?"

"Na wewe ni nani, unayeshukuru kwa kiwanja cha watu?"

Akajivuta juu. "Mimi ni Mwinjilisti Hosea. Nahudumu hapa jirani. Huyu mama alizaliwa Mlutheri, alibatizwa Elinipendo, kabla hajaolewa kwa Wakatoliki wakamwita Dominika. Ameikumbuka imani ya baba yake. Kihamba hiki ametupa sisi kwa ajili ya watoto wa usharika. Akishalala."

Nikatoka nyuma ya mgomba.

"Ametupa sisi," nikasema.

"Nyie kina nani?"

Nikamwambia. Akacheka kicheko kisichokuwa na furaha.

"Mashirika! Tangu milango ya nchi ifunguliwe mmeota kama uyoga. Leo mna kibao, kesho mna gari, keshokutwa mkurugenzi ana nyumba ya wageni."

"Na ninyi mmekuja na kuni. Mnadhani hatujui mzigo wa kuni unanunua nini siku hizi?"

"Kuni ni upendo!"

"Basi pendeni mtu mwenye ardhi ndogo!"

"Binti, chunga ulimi."

"Nimeusomea, Mwinjilisti. Acha nao ufanye kazi."

Tulikuwa tukinong'ona kwa hasira kama watu wanaogombana msibani. Hatukusikia gari mpaka lilipozima. Pikapu ilisimama njiani, akashuka Sista mnene, mwenyewe ndiye dereva, nyuma amebeba bati mbili.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema.

Mimi nikajibu milele amina. Mwinjilisti akakohoa.

"Naitwa Sista Evelyn. Bibi yupo? Leo si siku yangu, mimi huja Jumapili baada ya misa, ila nimesikia kuna mtu anapima hosteli yetu kwa kamba, nikaona nisingoje."

"Hosteli yenu?" mimi na Mwinjilisti tukasema pamoja.

"Ya wasichana," akasema Sista kwa upole. Kisha akatutazama mmoja mmoja, na upole ukaanza kumtoka usoni. "Kwani nyie mmefuata nini?"

Tulisimama pale uwanjani watu watatu wa Mungu, kila mmoja akimwangalia mwenzake kama mwizi wa kuku.

"Nani amemleta mtu wa kupima?" Sista akauliza.

"Si sisi," akasema Mwinjilisti, akinigeukia mimi.

"Wala si sisi," nikasema. Lakini kifuani niliisikia sauti ya Bwana Godbless: bado anakohoa?

Ndipo Bibi Dominika akatokea mlangoni. Mdogo, kanga kifuani, kilemba cheupe. Akatuangalia kama mwalimu mkuu aliyeyakuta madarasa matatu kwenye chumba kimoja.

"Mae!" akasema. "Nilijua siku hii itakuja. Ila nilitegemea mngenipa nafasi ya kutafuta viti. Vipo viwili. Mmoja akalie kinu."

Mwinjilisti alikalia kinu.

"Bibi," nikaanza, nikijitahidi kutunza heshima, "umemwahidi nani kihamba?"

"Wewe."

Sista akafungua mdomo.

"Na wewe, Sista. Na Hosea. Nani amekosa?"

"Bibi!" Mwinjilisti alipanda sauti. "Umedanganya mbele za Mungu!"

"Nimedanganya nini? Nilisema nikifa nitatoa. Nimekufa?" Akatutazama kwa zamu. "Mliniambia nisiwaambie wengine? Hamkuniambia. Mimi ndiye niliyewaambia ninyi mnyamaze, na mkafurahi, kwa sababu kila mmoja wenu alitaka kuwa peke yake."

Nilitaka kukasirika. Hasira ilikuja, ikapita, ikaacha aibu. Sisi tuliokwenda semina kujifunza namna ya kumpalilia mtoaji tulikuwa tumepaliliwa wote watatu, kila mmoja kwa siku yake, na hakuna aliyekanyaga tuta la mwenzake.

"Kwa nini, Bibi?" Sista akauliza. Sauti yake sasa ilikuwa ya muuguzi. "Ungetuambia una njaa, tungekuletea chakula bila kihamba."

"Njaa?" Bibi akacheka, kicheko kikakatwa na kikohozi. "Mgomba ukiwepo Mchagga hafi njaa. Mimi sina mtoto, Sista. Kornel alipokufa, mdogo wake Leodegar alikuja kabla matanga hayajaanuliwa. Akaniambia, shemeji, kihamba kinarudi kwenye ukoo, nawe rudi kwenu. Kwetu wapi? Kaka zangu wamekufa, watoto wao wameng'oa kahawa wakapanda nyanya, wakauza, wakahamia Arusha. Kwetu hakuna kwetu."

Akamwonyesha Mwinjilisti kwa kidevu.

"Wiki hiyo hiyo Hosea akaja kunipa pole. Nikamwambia nina wazo la chekechea. Leodegar alipoona mwinjilisti anaingia na kutoka, akarudi nyuma hatua. Baada ya msimu akaanza tena. Nikamtafuta Sista. Leodegar akarudi nyuma tena. Halafu akaanza kuja na watu wa hoteli, wanaume wa suti ambao hawamwogopi padri wala mchungaji. Ndipo akaja huyu binti na gari lenye maandishi ya Kizungu mlangoni."

Akatazama ukingo wa kihamba, kule safu ya masale ilikosimama tangu enzi za baba mkwe wake.

"Kihamba hakizungushiwi ukuta. Kinazungushiwa masale. Mimi sikuwa na mwana wa kunisimamia. Nikawapanda ninyi."

Mwinjilisti alijikuna shavu. Sista aliinua macho kwenye mifereji aliyoifunga mwenyewe. Mimi nilikuwa nawaza jambo moja tu: nitamwambia nini Bwana Godbless?

Sikupata muda wa kuwaza la pili.

Kwenye kijia cha migomba walitokea wazee wanne. Mbele yao Mzee Leodegar, koti la mvua begani, mkono mmoja unavuta mbuzi, mwingine umeshika jani la isale lililofungwa fundo.

Bibi akakaza macho kwenye lile jani.

Hata mimi wa Njoro nilijua maana yake. Ukiletewa isale lenye fundo umeombwa msamaha, na msamaha ulioombwa kwa isale haukataliwi. Ukiukataa, ubaya unabaki kwako.

Tukawaamkia wazee. Wakaitikia. Leodegar akapiga goti moja mbele ya mke wa kaka yake, taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi.

"Shemeji," akasema, "nimekukosea. Nimekusumbua miaka hii yote. Nimekuja kuyamaliza."

Sista alifuta jicho. Mwinjilisti akasema "Amina" kabla hajaombwa.

Mimi nilimwangalia yule mbuzi. Mtu anayeomba msamaha kwa moyo huja mwenyewe, au na mkewe. Huyu alikuja na kikao kizima.

Bibi akalipokea isale. Angefanya nini?

Leodegar akainuka haraka kuliko alivyopiga goti.

"Basi sasa tuna amani," akasema, akigeukia wazee, "na mbele ya isale hakuna uongo. Nani hapa anabisha?"

Wazee wakatikisa vichwa. Hakuna aliyebisha.

"Basi shemeji atuambie, isale likiwa mkononi mwake. Kihamba cha kaka yangu amempa nani?"

Nikauona mtego wote kwa mara moja. Akimtaja mmoja wetu, wawili wanaondoka wamekasirika, ua lake linabomoka. Na huyo mmoja atakayetajwa ataambiwa na wazee hao hao kwamba mjane hawezi kuwapa wageni ardhi ya ukoo. Akikaa kimya, amekiri hajampa mtu.

"Mtu wa futi ni wako," nikamwambia Leodegar. Sikukusudia kusema. Ulimi ulitangulia.

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Ni wangu. Kuna kosa mtu kupima ardhi ya baba yake? Wenye hoteli wanataka kujua ukubwa. Na wewe mdomo mrefu, wa nani?"

"Huyo," akasema Bibi Dominika.

"Huyo nini?"

"Umeuliza kihamba nimempa nani. Nimempa huyo."

Nikageuka nyuma kuona anamwonyesha nani. Nyuma yangu palikuwa na mgomba tu.

"Shirika?" Leodegar akatabasamu. Alikuwa amelingoja jibu hilo.

"Si shirika. Yeye. Magreth. Mtoto wa Kornel."

"Bibi..." nikasema.

"Kornel hakuzaa!" Leodegar akapaza sauti.

"Hakuzaa. Amepandiwa. Nenda kaburini ukaangalie isale lililoko kichwani pake. Muulize huyu nani alilipanda. Muulize kama hakuwa miguu mitupu. Muulize kama alitumia mkono wa kushoto."

Mzee mmoja, aliyekuwa amenyamaza tangu aje, Mzee Eliamini, mkubwa kuliko wote, akanisogelea akiegemea fimbo.

"Ulipanda wewe?"

"Ndiyo, babu, lakini mimi nili..."

"Miguu mitupu?"

"Ndiyo."

"Baba yako aliyekuzaa yupo?"

"Alifariki."

"Nani alishuhudia?"

Sauti mbili za kike zikaitika kutoka ng'ambo ya masale. Wale majirani wawili wa Bibi walikuwa wamesimama pale, mikono kiunoni, sijui tangu saa ngapi. Mmoja akapiga kigelegele kile kile cha baada ya Pasaka, na safari hii nikakielewa.

Mzee Eliamini akawageukia wenzake. "Katika ukoo huu isale la kaburi la baba hupandwa na mtoto mwenye kubaki na nyumba, naye awe hana baba mwingine aliye hai. Baba yake Leodegar alipandiwa na Kornel. Mimi nilikuwepo. Tumekaa tangu Pasaka isale linaota, na hakuna aliyekwenda kuling'oa. Wewe Leodegar, ulikwenda kuling'oa?"

"Sikuliona! Na ni msichana, tena wa mjini! Hajui hata pombe ya mbege inapikwaje!"

"Isale halijauliza," akasema mzee.

Nilimtazama Bibi. Hakunitazama. Alikuwa ameshika jani la isale kwa mikono miwili. Nikakumbuka swali lake kuhusu baba yangu. Nikakumbuka alivyoniinamia kunifungua viatu, yeye aliyesema mgongo unamuuma.

Je, nilikuwa mtoto wake, au nilikuwa isale jingine tu la ua wake?

Kabla sijapata jibu, honi ikalia njiani.

Nililijua gari lile. Bwana Godbless alishuka wa kwanza, tai shingoni, akiwafungulia mlango wazungu wawili wenye kofia za jua na kamera. Wafadhili. Alikuwa amewaleta kuona zawadi ambayo niliapa haitatangazwa. Uso wake ulikuwa na tabasamu la semina. Likadumu mpaka alipofika katikati ya uwanja na kuona watu, mbuzi, Sista, na mtu amekalia kinu.

"Magreth? Kuna sherehe?"

"Kuna urithi," Mwinjilisti Hosea akasema. Sijui kama ilikuwa kisasi au ukweli tu. "Kumbe kihamba ni cha huyu binti. Amepanda isale tangu Pasaka. Sisi wote tulikuwa tunaleta kuni nyumbani kwake."

"Mwinjilisti!" Sista akamkemea, lakini naye alikuwa akinitazama kwa jicho jipya.

Bwana Godbless hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kama angepaza.

"Kwa hiyo," akasema, "muda wote ulikuwa unajipalilia mwenyewe?"

"Hapana, bosi. Naapa. Sikujua..."

"Kwa gari la shirika. Kwa sukari ya walemavu."

Mzungu mmoja akauliza jambo. Bwana Godbless akamjibu kwa Kiingereza kifupi, na yule mzungu akaishusha kamera yake.

Leodegar alikuwa ameyafuata yote. Akili yake haikuwa mbovu, roho yake tu. Akasogea, akalichukua isale mikononi mwa Bibi, akaja nalo mpaka kwangu.

"Wazee wamesema. Mimi siwezi kubishana na kaburi," akasema, sauti tamu kama ndizi iliyopitiliza. "Lakini mtoto hatangazwi na mtu mwingine. Hujitangaza. Haya, binti. Kama wewe ni mtoto wa Kornel, lipokee isale hili mbele ya bosi wako na wageni wake, mimi na mbuzi wangu tuondoke. Kama si mtoto wake, sema tu. Sema ulidanganywa. Shemeji atafunga mizigo yake leo hii."

"Magreth," Bwana Godbless akasema, "ukiligusa hilo jani, usirudi ofisini. Na usidhani mambo yataishia ofisini."

Bibi Dominika alikohoa. Hakuniomba. Hakunikonyeza. Alijifunga kanga vizuri, akasimama wima mlangoni kwake kama mtu anayesubiri kuambiwa ni wapi pa kwenda.

Nilikuwa na neno moja la kweli mdomoni: nilidanganywa. Lingeniokoa mimi, lingesafisha jina langu mbele ya kila mtu pale, na lingemtoa mama huyu nyumbani kwake kabla jua halijashuka.

Leodegar alisubiri. Jani lilining'inia kati yetu.

"Binti, wazee hawana siku nzima."

Nikainama, nikavua viatu.